Kuharibu Mimba Mbele ya Sheria ya Jinai

Mwanamke anapofikishwa zahanati usiku, akitokwa na damu kwa kuharibikiwa na mimba, maswali mawili humjia tabibu wa zamu kwa wakati mmoja. La kwanza ni la utabibu: damu kiasi gani imekwisha kutoka, je, ana homa, je, vyote vimetoka au kuna mabaki katika mji wa mimba? La pili si la utabibu hata kidogo, nalo ni hili: mimba hii imeharibika yenyewe, au imeharibiwa?

Swali la kwanza lina majibu, na majibu yake hupatikana kwa mikono, kwa macho na kwa kipimajoto. Swali la pili mara nyingi halina jibu. Katika kila mimba 100 zilizokwisha kutambuliwa, 10 hadi 15 hivi huharibika zenyewe, nyingi katika miezi mitatu ya kwanza, na sababu kubwa ni kasoro za kromosomu katika kiinitete, kasoro ambazo mama hana habari nazo wala hatia nazo. Pasipo jeraha wala kitu kilichosahauliwa ndani, mji wa mimba ulioanza kujikamua wenyewe hautofautiani machoni pa mpimaji na ule uliochochewa kwa dawa. Hata hivyo swali hili lisilo na jibu ndilo huchelewesha matibabu ya lile lenye jibu. Mgonjwa humwogopa tabibu, akasema ameanguka njiani akiteka maji. Tabibu huogopa kuitwa mahakamani, akamwandikia rufani kwenda hospitali ya wilaya, kilomita nyingi katika barabara mbovu. Damu haingoji.

Makala haya yana shabaha ya kueleza sheria hiyo inayoogopwa inasema nini hasa, ilitoka wapi, na inakutana vipi na ujuzi wa tiba wa siku hizi. Hatutaamua hapa ubishi wa dini na wa maadili juu ya lini uhai wa mtu huanza. Ubishi huo ni mzito na una wenyewe. Twazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu.

Maneno ya sheria yenyewe

Jambo hili limo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, vifungu vya 150, 151 na 152. Kifungu cha 150 chasema kwamba mtu yeyote ambaye, kwa nia ya kumharibia mwanamke mimba, awe ana mimba au hana, anampa isivyo halali sumu au kitu kingine cha kudhuru, au anatumia nguvu au njia nyingine yoyote ile, ametenda kosa, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 14. Kifungu cha 151 chamhusu mwanamke mwenyewe, na upeo wa adhabu yake ni miaka 7. Kifungu cha 152 chamhusu anayetoa dawa au chombo huku akijua kitatumiwa kwa kazi hiyo, na upeo ni miaka 3.

Msomaji atazame mambo mawili hapo. Kwanza, katika kifungu cha 150 kinachoadhibiwa ni nia pamoja na kitendo, wala si matokeo. Mtu aweza kutiwa hatiani hata kama mwanamke yule hakuwa na mimba. Pili, limo neno dogo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulisalimu: *isivyo halali*. Kama kila kuharibu mimba kungekuwa kosa, neno hilo lisingehitajika. Kuwapo kwake kwamaanisha kwamba mtunga sheria alijua kuna kuharibu mimba kulikokuwa halali. Kulikoni huko?

Jibu lake liko mbali kidogo, katika kifungu cha 230. Chasema kwamba mtu hana hatia ya jinai kwa kufanya, kwa nia njema na kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, upasuaji juu ya mtu kwa manufaa yake, au juu ya mtoto asiyezaliwa kwa ajili ya kuokoa uhai wa mama, iwapo upasuaji huo unafaa kwa kutazama hali ya mgonjwa wakati ule na mazingira yote ya jambo lenyewe. Kifungu hicho hakitaji sahihi za madaktari wawili, wala cheo cha hospitali, wala kibali cha polisi au cha mume. Haya yote husemwa sana mitaani na hata wodini, lakini katika kifungu hayamo.

Isitoshe, kuna kifungu cha 219, kinachohusu kumwua mtoto aliye tumboni ambaye angeweza kuzaliwa hai. Hapo ushahidi kwamba mimba imefikia wiki 28 huchukuliwa kuwa dalili ya kutosha ya uwezo huo, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Wiki 28 zilikuwa kipimo cha sayansi ya mwaka 1929, Uingereza ilipotunga sheria ya namna hiyo. Leo, penye mashine za kuwatunza watoto njiti, baadhi ya watoto huishi ingawa wamezaliwa kabla ya wiki 28. Sheria imebaki na tarakimu ile ile.

Safari ya maneno hayo

Mtu anaweza kudhani kwamba vifungu hivi vilitungwa Dar es Salaam baada ya watu kushauriana. Sivyo. Vilikuja kwa meli, tena kwa njia ya kuzunguka.

Sheria ya kwanza ya Bunge la Uingereza juu ya jambo hili ilipitishwa mwaka 1803. Ililenga hasa watoaji sumu, nayo ilitofautisha mimba ambayo mama amekwisha kusikia mtoto akicheza na ile ambayo bado. Adhabu ya kunyongwa ilikuwa kwa ile ya kwanza. Mgawanyo huo ulitokana na imani ya kale kwamba mtoto hupata uhai anapoanza kucheza. Mwaka 1827 mwanasayansi Karl Ernst von Baer alieleza kwa mara ya kwanza yai la mnyama anyonyeshaye, na madaktari wakaanza kusema kwamba kucheza kwa mtoto si mwanzo wa kitu chochote, ni hatua moja tu katika ukuaji usiokatika. Mwaka 1837 tofauti ile ikafutwa pamoja na adhabu ya kifo, na mwaka 1861 ikatungwa sheria ya makosa dhidi ya mwili wa mtu, ambayo maneno yake, "sumu au kitu kingine cha kudhuru", tunayo mpaka leo.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu watu husahau utabibu wa mwaka ule ulikuwaje. Joseph Lister alikuwa bado hajatangaza njia yake ya kuua vijidudu vya vidonda. Alifanya hivyo mwaka 1867. Penisilini ilikuwa mbali kwa miaka themanini. Chombo chochote kilichoingizwa katika mji wa mimba, hata mkononi mwa daktari bingwa, kiliweza kuleta usaha na kifo. Sheria iliyokataza kitendo hicho ilimkinga mwanamke na hatari iliyokuwa ya kweli kabisa. Siku hizi mambo yamegeuka: kazi hiyo ikifanywa mapema katika mimba, na mtu aliyefunzwa, kwa pampu ya mkono ya kufyonza au kwa vidonge, hatari yake ya kifo ni ndogo kuliko ile ya kuzaa. Hatari kubwa imebaki kwa yule afanyaye kwa siri, kwa kijiti cha muhogo, kwa majivu, kwa vidonge vya malaria vilivyomezwa kwa wingi. Huko ndiko kuliko na mji wa mimba kutoboka, pepopunda, sumu ya damu, na utasa kwa anayepona.

Turudi kwenye safari. Mwaka 1899 koloni la Queensland, huko Australia, lilipokea kanuni ya jinai iliyoandikwa na Jaji Samuel Griffith. Kanuni hiyo ilipendwa na Ofisi ya Makoloni mjini London. Ikapelekwa Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904, kisha Nigeria nzima mwaka 1916, na mwaka 1930 ikaletwa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Kabla ya hapo Tanganyika ya Waingereza ilitumia Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo kwa kosa hili ilikuwa na adhabu nyepesi zaidi: upeo wa miaka 3, au 7 kama mtoto amekwisha kucheza. Kwa hiyo mwaka 1930 upeo wa kifungo kwa anayemharibia mwanamke mimba ulipanda mpaka miaka 14, na sijaona dalili kwamba mkunga mmoja wa nchi hii aliulizwa.

Wenye maneno hayo wamekwisha kuyaacha. India ilitunga mwaka 1971 sheria ya kuruhusu madaktari kutoa mimba kwa masharti. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1967, lakini Tanganyika ilikuwa imekwisha kujitawala tangu 1961, na sheria ile haikutuhusu. Queensland yenyewe, mama wa kanuni yetu, ilivifuta vifungu vyake mwaka 2018.

Daktari aliyejipeleka polisi

Mwezi wa Juni mwaka 1938, mjini London, msichana wa miaka 14 alibakwa na askari akashika mimba. Daktari Aleck Bourne, bingwa wa magonjwa ya wanawake, aliitoa mimba hiyo hospitalini bila malipo, kisha akawaarifu polisi mwenyewe ili ashtakiwe, kwa kuwa alitaka sheria ijulikane ilipo. Jaji Macnaghten aliwaeleza wazee wa baraza kwamba neno *isivyo halali* halikuwekwa bure, na kwamba kuokoa uhai wa mama si kumwokoa na kifo cha papo hapo tu. Ikiwa daktari anaamini kwa dhati, kwa misingi ya akili, kwamba kuendelea kwa mimba kutamwacha mwanamke ameharibika kabisa mwili au akili, wazee wana haki ya kuona kwamba ametenda kwa ajili ya kuokoa uhai. Bourne akaachiliwa huru.

Hukumu hiyo ilifika kwetu. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika rufaa ya daktari mmoja wa Kenya ambaye mgonjwa wake alikufa, iliifuata kuwa mwongozo: upasuaji wa kutoa mimba wenye sababu njema ya kitabibu si haramu. Rufaa yenyewe haikuwa ya furaha kwa daktari yule, maana sababu njema haikuonekana. Lakini kanuni ilitajwa. Hivyo mwanasheria husoma kifungu cha 230 akiwa na Bourne mkono wa kushoto. Tabibu wa zahanati hana Bourne. Ana kalamu, taa na mgonjwa.

Neno "upasuaji"

Liko tatizo jingine ambalo halikuweza kuonekana mwaka 1930. Kifungu cha 230 chazungumzia upasuaji. Wakati ule daktari aliyetaka kuutoa uja uzito alikuwa na chombo cha chuma. Dawa zilizokuwapo zilikuwa sumu tu. Leo kuna vidonge vya misoprostoli, vilivyobuniwa kwa vidonda vya tumbo, ambavyo huukamua mji wa mimba. Dawa hiyo hiyo huzuia damu nyingi baada ya kuzaa, na kwa kazi hiyo imeokoa wanawake wengi mahali pasipo na jokofu la kuhifadhia sindano ya oksitosini. Je, daktari anayeokoa uhai wa mama kwa vidonge, bila kumpasua, amekingwa na kifungu kinachotaja upasuaji? Mtu mwenye akili ya kawaida atajibu ndiyo. Lakini sheria ya jinai hujadiliwa neno kwa neno, na Queensland, yenye kifungu kama chetu, ililazimika mwaka 2009 kukirekebisha na kuongeza maneno ya matibabu ya dawa, baada ya madaktari kuona shaka hiyo hiyo. Ni marekebisho ya maneno machache, wala hayapanui ruhusa kwa jambo lingine lolote. Kwa maoni yangu hata yule anayetaka sheria ibaki kali kama ilivyo hana sababu ya kuyapinga.

Uhai uko hatarini lini?

Kwa mwanasheria hatari ni mstari: upande huu hakuna, upande ule ipo. Kwa daktari hatari ni mteremko. Mwanamke mwenye mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba yu hatarini tangu siku ya kwanza, na hapo hakuna mbishi. Mwenye ugonjwa wa moyo aweza kufika mwezi wa tano akitembea, akazidiwa mwezi wa saba. Mwenye chupa iliyopasuka mapema mno, mtoto akiwa bado hawezi kuishi nje, leo hana homa; kesho asubuhi ana baridi na kutetemeka; kesho jioni mapigo ya moyo hayahesabiki. Ni saa ngapi ya siku hizo mbili sheria ilipompa daktari ruhusa?

Swali hili lilijibiwa vibaya nchini Ayalandi mwezi wa Oktoba mwaka 2012. Savita Halappanavar, daktari wa meno aliyezaliwa India, aliingia hospitali moja ya Galway akiwa na mimba ya wiki 17 iliyokuwa ikiharibika. Aliomba itolewe. Aliambiwa haiwezekani maadamu moyo wa mtoto ungali ukipiga, kwa maana katiba ya nchi ile ilikuwa inalinda uhai wa mtoto sawa na wa mama, na uhai wa mama ulikuwa bado haujaonekana kuwa hatarini. Ulipoonekana, sumu ilikuwa imekwisha kuenea katika damu. Alikufa tarehe 28 Oktoba, siku saba baada ya kulazwa, na mtoto naye hakupona. Mwaka 2018 wananchi wa Ayalandi walikiondoa kifungu hicho katika katiba kwa kura, thuluthi mbili hivi wakikubali.

Nimetoa mfano wa mbali kwa sababu uchunguzi wake ulifanywa hadharani na kuandikwa. Vifo vya namna hiyo vinavyotokea mbali na mji huandikwa "kutokwa damu" au "homa", na daftari linafungwa.

Kuhesabu kilichofichwa

Twajuaje basi ukubwa wa jambo linalofichwa? Hakuna mwanamke atakayejaza fomu. Watafiti hutumia njia ya kuzunguka. Kwanza huhesabu wanawake wote waliotibiwa hospitalini na zahanati kwa mimba zilizoharibika. Kisha hukadiria, kutokana na idadi ya wanaozaa na kanuni za maumbile, ni wangapi kati yao mimba zao ziliharibika zenyewe, hao huondolewa. Waliobaki ni wale waliodhurika kwa kutoa mimba. Mwishowe wajuzi wa kazi hiyo huulizwa: kwa kila mmoja aliyefika hospitali, ni wangapi wengine hawakufika, ama kwa kuwa hawakudhurika ama kwa kuwa walidhurika wakanyamaza?

Kwa njia hii ilikadiriwa kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa Tanzania, na wanawake wapatao 66,600 walitibiwa kwa madhara yake. Yaani kwa kila aliyetibiwa, hesabu ilizidishwa mara sita hivi. Kenya, mwaka 2012, makadirio yalikuwa 465,000, na waliotibiwa karibu 120,000. Udhaifu wa njia hii uko wazi: kile kizidisho hutegemea maoni ya watu. Lakini idadi ya waliolala kitandani si maoni. Imo katika madaftari ya wodi.

Tarakimu hizi zinaonyesha jambo moja ambalo wakali na wapole wa sheria wote yawapasa kulitazama: kifungo cha miaka 14 hakijazuia kitendo, ila kimehamisha mahali kinapofanyika. Romania iliwahi kujaribu jambo hilo kwa nchi nzima. Amri ya mwaka 1966 ilikataza kutoa mimba isipokuwa kwa sababu chache. Mwaka uliofuata watoto waliozaliwa walikaribia kuwa maradufu, kisha wanawake wakajifunza njia za siri na uzazi ukashuka tena. Vifo vya akina mama vilipanda hadi karibu 170 kwa kila watoto hai 100,000 mwaka 1989, na zaidi ya vifo 8 katika kila 10 vilitokana na kutoa mimba. Amri ilifutwa mwezi wa Desemba mwaka huo. Mwaka 1990 vifo vilishuka kwa nusu hivi.

Lakini kufungua sheria peke yake hakutoshi, na jirani zetu wa Zambia ni ushahidi. Sheria yao ya mwaka 1972 ilikuwa ya mbele sana kwa Afrika wakati ule. Iliruhusu kutoa mimba kwa sababu za afya na hata kutazama hali ya maisha ya mama. Ila ilidai ridhaa ya madaktari watatu, mmoja wao bingwa. Katika wilaya yenye daktari mmoja, au asiyekuwapo kabisa, ruhusa hiyo ni karatasi. Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 1996, iliwaruhusu wakunga waliofunzwa kufanya kazi hiyo katika wiki 12 za kwanza, na vifo vilivyotokana na kutoa mimba vilipungua kwa asilimia 91 kati ya mwaka 1994 na 2001. Kenya nayo, katika katiba ya mwaka 2010, iliweka uamuzi mkononi mwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa, ikiwa matibabu ya dharura yanahitajika au uhai au afya ya mama iko hatarini. Lakini vifungu vya mwaka 1930 haikuvifuta, na polisi wameendelea kuvisoma. Tanzania iliridhia mwaka 2007 itifaki ya Umoja wa Afrika juu ya haki za wanawake, inayotaja kubakwa, maharimu na afya ya mama kuwa sababu za kuruhusu. Bunge halijaiingiza ruhusa hiyo katika Kanuni ya Adhabu.

Turudi kwa tabibu wetu wa zamu. Yale aliyo nayo mbele yake usiku ule, mimba iliyokwisha kuharibika, mabaki yaliyobaki ndani, damu na homa, hayamo katika kifungu cha 150, wala cha 151, wala cha 152. Kumsafisha mgonjwa huyo, kumpa dawa za kuua vijidudu, kumtundikia maji na kumtafutia damu si kuharibu mimba, ni kutibu. Anachotakiwa kuandika katika daftari ni kile alichokiona: wiki za mimba kwa kukadiria, hali ya joto, mapigo ya moyo, kiasi cha damu, na matibabu aliyotoa. Ile safu ya sababu, kama haijui, aiache wazi.